Haki ya Siku ya Kuvuna: Zaka ya Mazao katika Mashamba ya Tanzania

Zaka ya mazao ni fungu ambalo Mwislamu hulitoa katika kile kilichoota shambani mwake. Hutolewa wakati wa mavuno, bila kungoja mwaka uzunguke kama ilivyo kwa fedha na mifugo. Asili yake imo katika Kurani: aya ya 141 ya sura Al-An'am inataja bustani, mitende, mimea ya ladha mbalimbali, mizeituni na mikomamanga, kisha inaamuru haki ya mazao hayo itolewe siku yanapovunwa. Hadithi ndizo zilizoweka viwango. Kilichonyweshwa na mvua, chemchemi au mto hutolewa sehemu moja ya kumi. Kilichonyweshwa kwa jasho la mtu au mnyama hutolewa nusu yake, yaani moja ya ishirini. Mavuno yasiyofika wasaki tano, kipimo cha kale cha ujazo, hayana zaka.

Hesabu hiyo haina utata mkubwa. Utata uko katika neno lenyewe, mazao. Je, kila kinachoota kinadaiwa, au vichache tu? Katika hadithi inayohusu safari ya maswahaba Muadh bin Jabal na Abu Musa al-Ash'ari kwenda Yemen, vinatajwa vitu vinne: ngano, shayiri, tende na zabibu. Baadhi ya wanazuoni wa mwanzo walisimama hapo hapo. Ibn Hazm wa Andalusia alipunguza zaidi, akabakisha vitatu kwa kuitoa zabibu.

Orodha hiyo ikitandazwa juu ya ramani ya Tanzania, matokeo yake yanashangaza. Ngano hulimwa katika nyanda chache za baridi, kama Basotu wilayani Hanang, ambako mashamba makubwa yaliendelezwa kwa msaada wa Kanada. Shayiri nyingi ya nyanda za kaskazini huishia viwandani kuwa kimea cha bia. Tende, kwa sehemu kubwa, huja kwa meli na kuonekana zaidi mwezi wa Ramadhani. Zabibu zipo kwa wingi Dodoma, lakini sehemu kubwa yake hukamuliwa kuwa mvinyo, na kumuuzia mtu zabibu kwa ajili ya mvinyo ni jambo ambalo sheria ileile inayodai zaka inalikataza. Atakayeshika matini kwa herufi zake, basi, ataisamehe karibu nchi nzima, na atakaowadai watakuwa hasa wale ambao mazao yao yanaelekea kwenye pipa la kileo. Hapo ndipo swali la sheria linapogeuka kuwa la falsafa: Mtume alitaja mimea kwa ajili ya mimea yenyewe, au kwa ajili ya kazi ambayo mimea hiyo ilikuwa ikiifanya katika maisha ya watu wa Hijazi na Yemen?

Nchi yenyewe inalilazimisha swali hilo. Tanzania ina zaidi ya kilomita za mraba 900,000, na mvua zake hazifanani. Kaskazini mashariki, pwani ya kaskazini na maeneo ya Ziwa Viktoria hupata misimu miwili, vuli na masika. Kati, kusini na magharibi hupata msimu mmoja mrefu, kisha kiangazi kikavu. Juu ya tofauti hiyo yamekaa mazao. Mahindi ni ya kila mahali, lakini ghala lake ni Nyanda za Juu Kusini: Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya, Songwe, Rukwa. Mpunga uko Kyela, Usangu, bonde la Kilombero na mbuga za Usukuma. Dodoma na Singida, ambako mvua hukata tamaa mapema, watu hutegemea mtama na uwele, na siku hizi alizeti. Kagera, miteremko ya Kilimanjaro na Rungwe ni nchi za migomba na kahawa. Pamba ni ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza, tumbaku ni ya Tabora, mkonge ni wa Tanga, korosho ni za Mtwara na Lindi, karafuu ni za Pemba. Mtu anaweza kuvuka nchi hii kwa basi siku mbili mfululizo na kila jioni akakuta shamba ambalo mwenyeji wa alikolala jana hawezi kulilima.

Jibu linalofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni la madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani kwa karne nyingi hasa kupitia wanazuoni wenye asili ya Hadhramaut. Imam Shafii hakuishia kwenye vitu vinne, wala hakufungua mlango wote. Alitafuta sifa inayoviunganisha, akaona ni mbili: viwe chakula kinachosimamisha mwili wakati wa kawaida, si wakati wa njaa ambapo watu hula hata mizizi ya porini, na viwe vinahifadhika ghalani. Mmea unaotimiza sifa zote mbili unadaiwa hata kama hakuna Mwarabu aliyeuona enzi za Mtume. Kwa njia hiyo mahindi, ambayo asili yake ni bara la Amerika, yaliingia katika sheria bila kubisha hodi. Yaliingia pia mchele, mtama, uwele, maharage, kunde na choroko. Katika matunda, yaliyobaki ni yale mawili ya zamani, tende na zabibu.

Uzito wa hukumu hii unaonekana vizuri gunia linapowekwa kwenye mizani. Wasaki moja ni swaa sitini, na swaa ni mudi nne. Waswahili hawakuhitaji kufundishwa mpangilio huo, kwa kuwa pishi yao ilikuwa vibaba vinne. Wasaki tano hukadiriwa na vitabu vingi vya siku hizi kuwa kilo 653, ingawa wapo wanaotaja kiasi cha chini kidogo au cha juu. Kwa mahindi, hayo ni magunia sita na nusu ya kilo mia. (Gunia la lumbesa, lile lililorefushwa kwa kofia ya kamba, halifai kwa hesabu hii, kama lisivyofaa kwa hesabu nyingine yoyote ya haki.) Mpunga una hukumu yake. Kwa kuwa huhifadhiwa ukiwa na maganda, na ganda si chakula, wanazuoni wa Shafii waliuwekea wasaki kumi, takribani kilo 1,300. Mtu aliyeiweka kanuni hiyo alikuwa anajua kukoboa.

Mazao ya jinsi mbalimbali hayajumlishwi. Mkulima wa Kilosa mwenye magunia manne ya mahindi na magunia manne ya mtama hana zaka, ingawa jirani yake mwenye magunia saba ya mahindi matupu anayo. Lakini mahindi ya vuli na mahindi ya masika, yakivunwa ndani ya mwaka mmoja, huhesabiwa pamoja. Kwa hiyo mkulima wa Muheza anayevuna magunia manne mara mbili anadaiwa, na kugawanyika kwa mvua hakumpunguzii deni.

Tofauti ya moja ya kumi na moja ya ishirini nayo inahitaji macho ya mtu wa shamba. Kanuni haiulizi kama maji yamepitia mikononi mwa binadamu. Inauliza kama kuyafikisha kwenye mmea kunagharimu kila mara. Wanazuoni wa Shafii walijadili mfereji uliochimbwa kwa taabu na gharama kubwa, kisha maji yakatiririka yenyewe, na kauli iliyopewa nguvu ni kwamba mfereji huo ni kama mvua: gharama ile ilikwenda katika kuiendeleza ardhi, haikwenda katika zao la mwaka huu. Ni vigumu kusoma hukumu hiyo bila kukumbuka mifereji ya Wachaga, iliyochongwa kandokando ya miteremko ya Kilimanjaro vizazi vingi kabla ya Wazungu kufika, ikishusha maji ya mlima kwa mteremko mtupu. Mwislamu wa Machame anayenywesha mahindi yake kwa mfereji wa babu yake anatoa moja ya kumi kamili. Anayenunua dizeli ya pampu anatoa moja ya ishirini. Aliyetumia mvua nusu ya msimu na pampu nusu yake anatoa robo tatu ya sehemu ya kumi.

Penye ugumu wa kweli ni kwenye mbolea. Udongo wa Njombe na Songea umekwisha kuzoea mbolea ya kiwandani, na pasipo mfuko wa kupandia na mfuko wa kukuzia, gunia la mahindi halipatikani kwa urahisi. Wanazuoni wengi wa kale walisema gharama za shamba ni juu ya mwenye shamba na hazikatwi kabla ya zaka. Wa karne iliyopita, Yusuf al-Qaradawi akiwa miongoni mwao, walielekea kuruhusu zikatwe. Upande huu wa pili una nguvu, kwa sababu sheria yenyewe ilikwisha kukiri kwamba gharama ina uzito pale ilipompunguzia nusu mwenye kuteka maji. Upande wa kwanza nao una hoja: sheria ilishachagua gharama gani ihesabiwe, ikachagua maji, na mkulima akianza kukata kila kitu hatabakiwa na cha kutoa.

Sasa igeukiwe migomba. Katika nchi ya Wahaya ndizi ndiyo mlo. Mgeni aliyepewa wali anaweza kuhesabiwa kuwa bado hajala. Sifa ya kwanza ya Shafii, chakula kinachosimamisha mwili, hakuna zao linaloitimiza Bukoba kuliko ndizi. Lakini sifa ya pili inaiangusha. Mkungu uliokatwa leo, baada ya wiki mbili umeiva, umelainika, umeoza. Hauna ghala. Hivyo Mwislamu wa Kagera mwenye ekari kumi za migomba hadaiwi zaka ya mazao, na Mwislamu wa Singida mwenye magunia saba ya uwele, katika nchi inayoshinda njaa kwa kuvizia mvua, anadaiwa.

Kwa mtazamo wa haraka huo ni ukinzani. Ila sifa ya kuhifadhika ina siri ambayo vitabu vya sheria haviielezi sana. Kitu kisichohifadhika humlazimisha mwenyewe kukigawa. Mwenye mikungu kumi iliyoiva siku moja hawezi kuila peke yake, na jirani, mkwe na mpita njia wataipata, awe mkarimu au bahili. Nafaka haina lazima hiyo. Kihenge kikijaa mtama, mwenye nacho anaweza kufunga mlango na kungoja Februari, mwezi ambao wengine wamekwisha kula mbegu, ndipo auze kwa bei anayoitaka. Sura Al-Qalam inasimulia wenye bustani walioapa kuvuna alfajiri kabla maskini hawajaamka, wakaenda wakinong'ona njiani. Kosa lao lilikuwa kuvuna kwa siri ili wasigawe. Zaka ya mazao, ikitazamwa hivi, imewekwa mahali ambapo mkono una uwezo wa kufumba. Chakula ambacho mkono hauwezi kukifumbata muda mrefu kimeachwa kiende chenyewe.

Makanisa ya nchi hiyohiyo yalifika kwenye tatizo la ndizi kwa njia nyingine. Neno zaka katika Biblia ya Kiswahili ndilo linalotumika kwa fungu la kumi la Waisraeli, na Wakristo wa vijijini, Bukoba na Moshi hasa, huleta kanisani mikungu, kuku, mayai na madebe ya maharage. Ibada ikiisha, vitu hivyo hupigwa mnada uani, na mkungu uliokuwa uoze unageuka fedha kabla ya adhuhuri. Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, iliruhusu jambo linalofanana na hili: aliye mbali na mahali patakatifu auze zaka yake na kubeba fedha. Suluhisho hilo linaondoa tatizo la kuoza, ingawa linakuja na tatizo jingine, kwani anayeshinda mnada mara nyingi ni mwenye fedha wa kijiji, na chakula cha sadaka kinaishia jikoni kwake.

Muhogo unasumbua kuliko ndizi. Ukiwa ardhini hujihifadhi wenyewe miezi kadhaa, ukichimbwa mbichi huharibika kwa siku chache, ukimenywa na kuanikwa huwa makopa, na makopa makavu hukaa miezi. Watu wa Mtwara, Kigoma na sehemu za Ziwa hula ugali wake si kwa sababu ya njaa, bali kwa sababu ndicho chakula chao. Vitabu vya madhehebu vilihesabu nafaka na matunda mawili, na mizizi haikuwamo, kwa kuwa waandishi wake hawakuijua mizizi yenye sifa hizi. Muhogo, kama mahindi, ulitoka Amerika. Basi, ikiwa mahindi yaliingia kwa sifa zake na si kwa jina lake, ni vigumu kuona kwa nini makopa yazuiwe mlangoni. Anayeyazuia kwa hoja kwamba si nafaka amerudi kwenye kuhesabu majina, jambo ambalo Imam Shafii alikwisha kuliacha.

Hadi hapa sheria inaweza kutetewa. Yanapofika mazao ya biashara, utetezi unapungua nguvu. Karafuu si chakula. Inakauka, inahifadhika miaka, na kwa zaidi ya karne moja ndiyo iliyobeba uchumi wa Zanzibar, lakini hakuna mtu anayeshiba karafuu. Baada ya tufani ya 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ilishika nafasi ya kwanza, na mashamba makubwa ya enzi hizo yalichumwa na watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Kwa mujibu wa hukumu ya Shafii, mwenye mashamba hayo hakudaiwa zaka ya mazao hata pishi moja ya karafuu, wakati mkulima mdogo wa mpunga aliyefikisha wasaki kumi alidaiwa. Tajiri alidaiwa zaka ya fedha, moja ya arubaini, kama fedha hizo zingekaa kwake mwaka mzima zikiwa zimefika kiwango. Ni tofauti kubwa, tena imeelemea upande usiotarajiwa. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Mafarisayo wanalaumiwa kwa kutoa zaka ya mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili. Wao walihesabu hata viungo vya mboga. Huku viungo vilivyojenga majumba ya mawe vilipita bila kuhesabiwa.

Leo hali hiyo iko wazi zaidi kwenye korosho. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye Waislamu wengi, na korosho ndiyo fedha yao. Tangu mwaka 2007 huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka kwenye chama cha msingi, mzigo hukaa ghalani, mnada hufanyika, malipo hufuata. Mwishoni mwa 2018, mnada ulipokwama kwa bei, serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Mkulima wa tani moja alistahili shilingi milioni 3.3. Fedha za namna hiyo hazikai mwaka. Hulipa ada, bati, deni la salfa ya mikorosho, harusi na jando, na ikifika masika zimekwisha. Kwa hiyo zaka ya mazao haimgusi kwa kuwa korosho si chakula kikuu, na zaka ya fedha haimgusi kwa kuwa fedha hazikungoja mwaka. Katikati ya hukumu mbili, mavuno mazima yamepita.

Serikali imechukua njia iliyo kinyume kabisa, ikitumia neno lililotoka chimbuko lilelile. Ushuru, katika Kiarabu cha asili, unatokana na ushri, sehemu ya kumi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Dola inakidai zaidi kile kinachouzwa, na kukipunguzia kile kinacholiwa. Sheria ya dini inakidai kile kinacholiwa na kukiacha kinachouzwa. Kila moja ina mantiki yake, kwani dola inatafuta mapato na zaka inatafuta chakula cha maskini, na maskini wa Hijazi hakuweza kupika dinari. Lakini nchi ambayo mkoa mmoja hula kwa kuuza korosho na kununua mahindi ya mkoa mwingine imeuvunja mpaka huo. Korosho kwa Mmakonde wa Newala ni chakula kilichochukua njia ndefu.

Imam Abu Hanifa, aliyeishi Kufa kwenye ardhi nono ya Iraki, alikuwa na rai pana zaidi. Kwake kila kinachopandwa kwa makusudi kinadaiwa, isipokuwa kuni, nyasi na matete, tena bila kiwango cha chini. Katika mkungu wenye chane kumi, chane moja ni ya maskini. Rai hiyo inaishika karafuu, korosho, kahawa, pamba na ndizi kwa pamoja, na inalingana na upana wa aya ya siku ya kuvuna. Udhaifu wake uko kwenye kukosa kiwango, kwani inamdai hata bibi mwenye migomba mitatu nyuma ya nyumba.

Mwanafunzi wake, Abu Yusuf, aliliona hilo akarudisha wasaki tano. Na kwa mazao ambayo hayapimwi kwa wasaki, kama pamba na zafarani, aliweka njia ya thamani: zao hilo linadaiwa likifikia bei ya wasaki tano za nafaka iliyo rahisi kuliko zote. Yeye pia alishikilia sharti la kudumu, kwa hiyo ndizi inatoka, na hoja ya mkono usioweza kufumbata inabaki salama. Katika kauli zote za kale, hii ndiyo inayoifaa zaidi nchi yenye mazao ya aina nyingi, kwa kuwa inampima mkulima wa biashara kwa kibaba cha mkulima wa chakula. Tanzania haina chombo cha dola kinachomlazimisha mtu kutoa zaka, hivyo kuifuata au kutoifuata ni kati ya mkulima, mwalimu wake na Mola wake, na wafuasi wa Shafii wanaoihofia wanaweza kuuliza wanazuoni wao kama kuazima rai ya madhehebu jirani kunafaa mahali ambapo maskini ndiye anayenufaika.

Kwa atakayeichukua, hesabu inaanzia sokoni. Mkulima wa Newala au Wete ataulizia bei ya kilo 653 za mtama au mahindi, ipi iliyo ndogo. Mavuno yake yasipofikia thamani hiyo, hadaiwi. Yakifikia, anatoa moja ya kumi na si moja ya ishirini, kwa sababu mikorosho ya Kusini na mikarafuu ya Pemba hainyweshwi na mtu.